Bloku Mbili Juu ya Benchi la Rejeta

Mdogo wangu aliposhuka kwenye basi la Njombe Jumamosi ile, alikuwa na jambo moja tu la kuniomba. Alitaka nimchomelee kishikio cha chuma kilichokatika, kipande kisichozidi urefu wa kidole. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Mimi ni fundi rejeta, moto na lehemu ndivyo vinavyonilisha, na kishikio kile ningekimaliza kabla chai haijachemka. Sikukigusa. Nilimfanyia kazi nyingine ambayo hakuniomba, tena kwa moyo wote, na mpaka leo nikiinama kwenye benchi naikumbuka.

Karakana yetu ipo Makambako, hatua chache kutoka pale barabara ya Njombe inapoachana na barabara kuu. Malori yanayokwenda Tunduma hufika hapo yakiwa yameshapanda milima, na mengine yanafika yanatoa mvuke. Dereva akishafungua boneti na kutukana kidogo, watu wanamwelekeza kwetu. Karakana ni ya mjomba, kaka yake mama, ingawa siku hizi macho yake yamechoka na kazi nyingi naifanya mimi. Yeye hukaa juu ya tairi kuukuu mlangoni, anasalimia wateja na kuwachokoza.

Niliingia kwake nikiwa na miaka kumi na saba. Tulizaliwa watatu, kijiji cha karibu na Uwemba: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye sasa analima mahindi na maharage Mlangali alikooa, na huyu wa mwisho, msichana, ndiye wa kishikio. Baba alitangulia. Mama hakumaliza mwaka. Nilikuwa kidato cha pili. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walikaa sebuleni wakaanza kutugawa, huyu aende kwa shangazi, huyu kwa baba mdogo, mimi nimalize shule kwanza halafu itaonekana. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Nikasema hatugawanyiki. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mjomba akacheka.

"Kwa hiyo wewe ndiye baba yao, wewe ndiye mama yao?"

"Ndiyo."

"Utawalisha nini? Hesabu za kidato cha pili?"

"Nitafanya kazi kwako, mjomba."

Alidhani natania. Jumatatu yake nilikuwa Makambako nasugua rejeta kwa brashi ya waya, na sketi yangu ya shule ndiyo niliyoifanya nguo ya kazi. Nilijifunza kufungua tanki la juu, kuchokonoa mirija kwa ukanda mwembamba wa chuma mpaka tope la kutu litoke, kunyoosha mapezi yaliyolala, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto, kuziba panapovuja. Nikajifunza hasa kipimo cha mjomba, ambacho ndicho kipimo cha kila fundi rejeta ninayemjua: mimina maji juu, tazama yanavyotoka chini. Yakishuka kwa kishindo, rejeta ni nzima. Yakichuruzika, imeziba.

Nyumbani neno langu likawa la mwisho. Tulikuwa na kanuni moja kubwa. Nikileta kitu, mtu anasema asante kwanza, ndipo anafungua. Niliitunga mwaka ule wa kwanza, baada ya mdogo wangu wa kiume kufungua kifurushi cha madaftari akanuna kwa sababu majalada hayakuwa na picha ya wachezaji mpira. Nilikuwa nimesugua rejeta tangu asubuhi mpaka jioni kwa ajili ya madaftari yale. Nikasema kuanzia leo shukrani inatangulia. Mtu akishashukuru, atanung'unikaje tena? Niliona nimefanya jambo la maana, na kweli maneno nyumbani yalipungua.

Yule wa mwisho alipokuwa darasa la sita nilimnunulia viatu vyeusi vya shule, mtumba mzuri, ngozi tupu. Akasema asante, akafungua, akavaa. Muhula ulipoisha nikaona kucha za vidole gumba vya miguuni zimekuwa nyeusi. Viatu vilikuwa vidogo kwa namba nzima, pengine mbili. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaangalia miguu yake.

"Nilikuwa nimeshasema asante."

Kwa miaka mingi niliwasimulia madereva kisa hicho, tukacheka. Mtoto ana adabu huyo! Nilikisimulia kwa fahari.

Akasoma, akafika mbali kuliko sisi wote. Alirudi Njombe akiwa anajua kompyuta kwa namna ambayo siwezi kuieleza, akapanga vyumba viwili Mjimwema na kuanza kutafuta kazi zake mwenyewe. Kazi yenyewe alinieleza kwa lugha ya karakana ili nielewe. Watu wenye mashamba ya miti wanarusha kidege kisicho na rubani juu ya misitu yao, kinapiga picha maelfu kwa maelfu, kila moja kipande kidogo tu cha shamba. Yeye anaziingiza kwenye kompyuta, na kompyuta inaziunga zote kuwa ramani moja, unaona mti mmoja mmoja, uliokauka na ulio hai. Kuunga huko ndiko kunakotesa mashine. Ndani yake mna prosesa, ndiyo injini, na ndani ya prosesa mna viini, kila kimoja kama mfanyakazi mwenye jembe lake. Yake ilikuwa na viini kumi na sita. Vikifanya kazi vyote kwa pamoja kwa saa nyingi, joto linapanda. Likizidi, mashine inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Likizidi tena, inajizima, na kazi iliyokuwa haijahifadhiwa inapotea.

Feni ilikuwa haitoshi. Ndiyo maana alitaka kupoza kwa maji. Maji yanazungushwa na pampu ndogo, yanapita kwenye kipande cha shaba kilichokaa juu ya prosesa, wao wanakiita bloku, yanabeba joto na kulipeleka kwenye rejeta yake, rejeta kama za kwetu ila ndogo ya kubebwa mkono mmoja. Aliponieleza hivyo kwa simu nilifurahi mno. Miaka yote yeye na vitabu vyake, mimi na kutu yangu, leo tumekutana kwenye rejeta!

Na safari hii haraka ilikuwepo. Kampuni moja ya mashamba ya miti ilikuwa imempa kazi ya majaribio: picha za shamba moja la misonobari, ramani iwe tayari Ijumaa. Ikiwa nzuri, mashamba yao yote yangekuwa kazi yake. Angeajiri mtu. Asingebahatisha tena. Aliniambia, "Dada, hii ndiyo yenyewe," na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Basi Jumamosi ile akafika na kifurushi ndani ya khanga, na daftari kwapani.

"Kamwene, mjomba. Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimekonda lini? Hujaniona wiki mbili."

Mjomba akadakia pale kwenye tairi. "Nasikia unatafuta kitu cha kupoza kompyuta. Njombe ile ile? Majani ya viazi yanaungua kwa baridi, wewe unatafuta cha kupozea? Fungua dirisha, mpwa wangu!"

"Nimefungua, mjomba. Naumwa mafua mimi, kompyuta bado inachemka."

Tukacheka. Akafungua khanga juu ya benchi. Ndani mlikuwa na bloku mbili, kila moja kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha nusu. Mtu mmoja wa Mbeya anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika alikuwa amempa zote mbili ajaribu, abaki na moja, nyingine airudishe kwa basi kabla ya Jumapili. Moja ilikuwa nzima, inang'aa. Ya pili ilikuwa na kishikio kimoja kilichokatika.

"Nataka unichomelee hiki, Dada. Nikiifunga kwa waya inakaa, lakini siiamini kwa siku nyingi."

Hayo ndiyo aliyosema. Nayakumbuka neno kwa neno. Mtu aliyetaka kuchagua asingesema hivyo. Alikuwa ameshachagua.

Lakini mimi niliona bloku mbili kwenye benchi langu, na miaka yote ile ya kuwa wa mwisho kusema ikanipanda kichwani. Nikamwambia azifungue nione ndani. Akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akazifungua vizuri, vifuniko pembeni, skrubu kwenye kizibo cha chupa zisipotee. Ile nzima ilikuwa na mifereji mipana ndani ya shaba, unaweza kupitisha njiti ya kiberiti. Ile yenye kishikio kibovu ilikuwa na mifereji myembamba mno, mingi isiyohesabika. Niliigeuza kwenye mwanga na nikaona kama shaba tupu iliyochanwa kwa wembe.

"Hii ya kuvunjika imeziba," nikasema.

"Haijaziba, Dada. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Kutu kidogo tu ikiingia humu, kwisha."

"Natumia maji ya betri. Hayana kutu."

"Leta ndoo."

Alikuwa ameshafungua daftari. Nakumbuka kidole chake kilikuwa kati ya kurasa. "Nimezipima zote mbili, Dada. Nimeandika kila kiini…"

"Weka daftari. Leta ndoo tupime kwa macho."

Akaweka daftari juu ya mtungi wa gesi, akaleta ndoo.

Nilirudisha vifuniko kwa skrubu mbili mbili, nikatundika ndoo kwenye ndoano tunayoinulia rejeta za malori, nikaunga mpira, nikaiweka ile bloku pana, jagi la lita moja chini. Nikahesabu kwa sauti. Kabla sijafika nane jagi lilikuwa limejaa. Nikaweka ile nyembamba. Nilihesabu mpaka ishirini na sita, mjomba akawa ananisaidia kuhesabu kwa kebehi, na dereva mmoja aliyekuwa anasubiri rejeta yake akasogea.

"Hiyo inakojoa kama mzee," mjomba akasema.

Dereva akaangua kicheko. Mdogo wangu naye akacheka kidogo, kwa heshima tu.

"Umeona mwenyewe?" nikamwambia.

"Nimeona. Lakini Dada, maji yakipita haraka…"

"Yakipita haraka yanaondoka na joto. Unanifundisha rejeta?"

Akatazama daftari lake. Nikaifuta ile bloku pana kwa tambara safi, nikarudishia skrubu zilizobaki, nikazikaza moja moja kwa mpangilio wa msalaba kama tunavyokaza matanki. Nikaivingirisha kwenye khanga, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nilikuwa najisikia kama siku nilipompeleka kidato cha kwanza.

"Asante, Dada," akasema.

Akaipokea hivyo hivyo, ikiwa imefungwa.

Nilimnunulia wali na nyama kwa mama ntilie wa jirani. Kisha, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nilikwenda naye stendi nikaibeba mimi mwenyewe ile bloku nyembamba, nikampa konda wa basi la Mbeya na kumsisitiza asiipoteze. Nilihakikisha imeondoka.

Jumatano nilimpigia. "Kazi inaendaje?"

"Inaendelea, Dada."

"Inapoa?"

"Inapoa."

Jumamosi nikampigia tena. "Haikuwa yangu," akasema. "Wamempa mtu mwingine." Nikamwambia Mungu ana nyingine, nikamwambia asikate tamaa, na Jumapili nikamtolea nia kanisani. Sikuuliza zaidi. Katika wiki zile zile nilikuwa nawatambia madereva kwamba mimi siyo wa malori tu, nimepoza hata kompyuta.

Mwezi wa saba akaniambia anahama. Alikuwa amepata kazi kwenye steshenari moja mjini, kuchapa barua na kutoa kopi, na chumba kimoja kilimtosha. Nikaenda Mjimwema kumsaidia kufunga vitu. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, majani yameungua kwa baridi kama mjomba alivyosema, na yeye yuko nje anaanua godoro. Mimi nilikuwa ndani napanga vitabu kwenye boksi. Kompyuta ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kitenge. Daftari lilikuwa juu yake.

Sikulifungua kwa upelelezi. Nilitaka kuona kama lina kurasa tupu, niandike orodha ya vyombo. Likafunguka lenyewe penye kurasa zilizochoka.

Mwandiko wake ni ule ule wa shule ya msingi, safi, wa kulala kidogo. Alikuwa amechora mistari kwa rula. Kushoto namba za viini, moja mpaka kumi na sita. Safu ya kwanza ameandika *pana*, safu ya pili *nyembamba*. Kwenye safu ya nyembamba namba zote za joto zilikuwa nyuzi sitini na kitu, zimefuatana karibu karibu, sitini na mbili, sitini na nne, sitini na moja. Kwenye safu ya pana zilianza vizuri, sabini, sabini na moja, kisha viini vya mwisho vikaruka: themanini na nane, themanini na tisa, tisini na moja. Hiyo ya tisini na moja ameizungushia duara. Chini ameandika, *Hii nyembamba. Kumwomba Dada kishikio.* Na tarehe. Ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya kuja Makambako.

Nilikaa kitandani. Hakukuwa na godoro, nilikaa kwenye mbao.

Aliingia, akaona daftari mikononi mwangu, akaendelea kukunja shuka.

"Ulikuwa umejua," nikasema.

"Nilikuwa nimepima."

"Niambie ilivyokuwa."

Akanieleza taratibu, bila kunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Prosesa za zamani, alisema, joto lake linakaa katikati, na ile bloku pana ilitengenezwa kwa ajili ya hizo. Hizi za viini vingi zina vipande kadhaa vilivyotawanyika mpaka pembeni. Maji ya bloku pana yalikuwa yanapita haraka katikati na kuondoka kabla hayajagusa shaba ya kutosha, viini vya pembeni vikabaki vinaungua. Jumatatu mashine ilipunguza mwendo. Jumanne akahamishia meza dirishani. Jumatano, saa ile ile niliyompigia, ilikuwa imejizima mara ya tatu. Akawa anagawa picha mafungu madogo madogo. Ijumaa saa sita mchana alikuwa na nusu ya shamba. Akaomba siku mbili, wakamwambia pole.

"Mbona hukuirudia ile nyingine?"

"Nilipiga Mbeya Jumanne. Ilishanunuliwa."

"Lakini ungesema! Pale pale karakana. Ungesema, Dada, unakosea."

Alikunja shuka mara nyingine, ingawa lilikuwa limeshakunjwa.

"Ningekwambia saa ngapi, Dada?"

Nilimwangalia miguu. Alikuwa amevaa kandambili na soksi, kama watu wote wa Njombe mwezi wa saba.

Nimefikiri sana kuhusu kosa langu, kosa la ufundi kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuisifu rejeta kwa kuwa na mapezi machache. Mimi ambaye kila siku nanyoosha mapezi, pezi moja moja, nikijua kwamba kila lililolala ni joto lisilotoka, nilishika mkononi kitu chenye mapezi kuliko rejeta yoyote niliyowahi kuiona, nikasema kimeziba. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu hakuna dereva anayeniletea rejeta nzima. Maisha yangu yote nimeona zilizoziba tu, na mtu akizoea hivyo, kila njia nyembamba anaiona ugonjwa. Hilo naweza kujisamehe. Lile la daftari juu ya mtungi wa gesi siwezi.

Nilirudi Makambako nikatafuta shaba. Muuza chuma chakavu mmoja alikuwa na kipande kinene kilichotoka kwenye mtambo wa umeme, akaniuzia. Nikakikata kwa kipimo, nikakisugua upande mmoja juu ya kioo na msasa mpaka kikawa bapa. Kisha nikaanza kuchanja mifereji kwa msumeno wa chuma. Bleti ya kawaida, ule ukanda wenye meno, ilikuwa nene, nikainoa pembeni kwa jiwe mpaka ikawa nyembamba, ikawa inakatika, nikanoa nyingine. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa pale. Wiki ya kwanza mjomba alinitazama tu. Wiki ya pili akasema, "Unamtengenezea nani mkufu?" Nikamwambia. Akashuka kwenye tairi, akaja akanishikia kipande kisitikisike. Hakutania tena siku hiyo.

Nilipomaliza ilikuwa na mifereji thelathini na minne. Mingine ilikuwa imepinda. Nikailehemu kifuniko, nikaijaribu kwa upepo ndani ya maji, haikuvuja.

Nilikwenda nayo Njombe Jumapili moja mwezi wa kumi. Chumba chake kipya kilikuwa kidogo, meza na kitanda vinagusana. Nilimkabidhi ikiwa kwenye khanga, na kabla hajafungua kinywa nikamwambia, "Usiseme kitu. Fungua, pima kwanza."

Kisha akafungua.

Aliifunga kwa waya juu ya prosesa, akaunga mipira, akajaza maji ya betri kutoka kwenye chupa, akawasha pampu tukasikia mapovu yakitoka. Picha za lile shamba la misonobari zilikuwa bado zimo ndani. Akaiambia mashine iziunge. Viini vyote kumi na sita vikaanza kazi, na namba zikatokea kwenye kioo, mstari mmoja kwa kila kiini. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nyuma yake. Niliziona zinapanda. Sitini, sitini na tano, sabini na mbili. Nilikuwa naziombea zisimame kama mtu anavyoombea mgonjwa. Upande mmoja wa shamba ukaanza kujiunga taratibu kwenye kioo, mistari ya miti, barabara ya kuzuia moto katikati, paa la kibanda cha mlinzi.

Zilipofika themanini na nne akachukua daftari. Alichora safu ya tatu kwa rula. Hakuiandika *pana* wala *nyembamba*. Aliandika *ya Dada*. Akajaza namba kumi na sita, moja moja, bila haraka, na mimi nikasubiri. Kisha akaisimamisha mashine kabla haijajizima yenyewe, na shamba likakomea hapo, zaidi kidogo ya nusu.

Akageuka na kiti.

"Dada, hii haifai."

Miaka ishirini sijawahi kusikia neno hilo nyumbani mwangu.

"Hata kidogo?"

"Ni afadhali kuliko ile pana. Lakini haifai. Mifereji bado minene, na ya pembeni huku imepinda, maji yanakwepa. Ona hivi viini, kumi na tatu mpaka kumi na sita. Vimeungua vile vile."

"Inatakiwa iwe myembamba kiasi gani?"

Akashika kurasa tatu za daftari, akazibana kati ya vidole viwili. "Hivi. Karatasi tatu."

Nikazishika mahali pale pale alipozishika. Nikajaribu kufikiria bleti ya kupita hapo.

"Msumeno wangu hauwezi," nikasema.

"Najua, Dada."

Alifungua waya, akaitoa bloku yangu, akamwaga maji yake kwenye beseni, akaiweka mapajani mwangu. Ilikuwa bado ya moto. Nikaivingirisha kwenye khanga huku yeye akiandika tarehe chini ya safu ya tatu, na chini ya tarehe, kwa mwandiko ule ule wa kulala kidogo, *haifai*.